Mama Nyamu Amesimama

Caro, Gedion amejifungia nyuma ya jukwaa analia. Gedion huyu wetu!

Si leo bendi yao ya muziki wa panki inasherehekea miaka kumi ya ile albamu yao, hapa uwanjani Kinoru? Gedion akamwalika mama ya Nyamu, mwimbaji wao tuliyemzika Aprili, afungue na maombi. Mama akaja na kitambaa chake cha kanisa, akaomba, akaketi mbele.

Lakini hakuna aliyemwambia mama kwamba Nyamu angeimba kwa rekodi! Gitaa zikanguruma, sauti ya kijana wake ikatoka kwa spika.

Mama akasimama. Alisimama, Caro! “Gedion, Nyamu yuko wapi?”

Gedion akatupa gitaa, akakimbilia mashine ya rekodi.

Mama akamfuata, akamshika mkono. “Usizime. Wacha amalize.”