Koti la Blanketi

Jumatatu, 3 Oktoba 1966
Nimefungua sanduku tena, nimelifunga tena. Vitenge, blauzi mbili, viatu vya wazi. Vya wazi kweli, Mwajuma? Zaina ameandika kwamba huko Brussels majani ya miti yanaanguka na mvua yake ni baridi tupu. Nguo nzito sina. Kisangani nzima nani anayo? Lakini dada yangu huyo alituwekea matanga wakati wa maasi, akidhani sote tumekufa. Sasa mume wake ametuma tikiti ya ndege: wiki moja, Zaina anione kwa macho yake. Nitakwenda hata nikitetemeka.

Jumanne, 4 Oktoba
Papa amechoka na malalamiko yangu. Baba huyu, fundi cherehani, kichwa ngumu. Karudi kutoka sokoni na blanketi la kijivu, akalikata kabla sijasema neno. Ninalijua blanketi hilo. Ni la jeshi, la kambini Kapalata. Askari walioasi walipokimbia, vitu vyao vilitapakaa sokoni, na sasa jeshi linapita nyumba kwa nyumba kuvitafuta. Jirani yetu kachukuliwa kwa ajili ya sufuria. Nimekasirika hata mboga ya pondu imenishinda kula. Papa anasema likishakuwa koti si blanketi tena.

Alhamisi, 6 Oktoba
Koti limekwisha. Zuri, siwezi kukana. Mstari mweusi wa blanketi, alama ya jeshi, Papa ameuficha chini ya ukosi. Nimelijaribu sebuleni, jasho likanitoka mpaka miguuni. Mama kacheka hadi machozi.
Mimi naogopa. Wakilikuta, kwaheri ndege. Labda kwaheri Papa.

Ijumaa, 7 Oktoba
Huyu Mama. Mtu wa nyumba hii hasafiri bila nguo zake kufukizwa. Nilimwomba safari hii tuache. Wapi. Akatandaza koti juu ya tenga, chetezo chini, ubani na udi, kisha akafunga madirisha yote ili watu wasione. Moshi ukatokea juu ya bati.
Nyumba imefungwa mchana, moshi unatoka: kila askari aliyepita angedhani tunachoma vitu vya waasi. Wakaingia watatu, koplo mbele.
“Munachoma nini?”
Mama akamjibu koplo kama anamjibu mpwa wake, akimwita papa kwa upole. “Mutoto wangu anasafiri, papa. Niko nafukiza nguo yake.”
Koplo akanusa. Akainua koti, akalipima uzito kwa mkono, akageuza ukosi. Mstari ule hapo. Nikajua tumekwisha. Koplo akaupitishia kidole. Kisha akasema, taratibu, kwamba mama yake kule Kasongo alimfukizia nguo siku alipoingia jeshi.
Akamrudishia Papa koti. “Shona hii kola muzuri, papa. Inaonekana.”
Wakatoka. Papa akakaa sakafuni. Mimi nililia kwa sauti na sioni haya kuandika. Mama aliongeza ubani.

Jumamosi, 8 Oktoba
Papa ameshona ukosi upya, mara mbili. Kwenye uwanja wa ndege nilibeba koti mkononi. Askari alitazama pasi, akatazama uso wangu, basi. Naandika nikiwa ndani ya ndege. Mto unaonekana chini, kisha mawingu.

Jumatatu, 10 Oktoba
Brussels. Baridi ya kuuma meno. Jana Zaina alitupokea, mimi na koti. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, hakuyataka. Aliingiza pua begani kwangu, ndani ya blanketi lile, akabaki hapo watu wakitupita na mizigo yao. Kisha akauliza kama Mama bado anafunga madirisha. Nikamwambia bado.
Majani yamejaa njiani, yamelowa. Nitayatazama baadaye. Asubuhi hii Zaina amekwenda kununua mkate, amevaa koti langu bila kuuliza. Mimi nimekaa karibu na jiko.