Pikipiki ya Binti Yangu Imenivalisha Suruali

Jumamosi jioni, Kinoo. Baridi ya Julai imetuuma tangu asubuhi na jua halikujisumbua kutoka. Nimejifunika leso mbili, chai iko karibu, na leo nimekuja kuringa. Anayechoshwa na sifa za mtoto wangu azime simu sasa hivi.

Bado uko? Haya.

Nyambura ndiye mtoto wangu wa pekee. Amebeba jina la mama yangu, ndiyo maana mimi humwita Mami. Anatengeneza mitambo katika kiwanda huko Athi River. Mtambo ukikwama, wanaume wenye ndevu wanasimama kando wakimngoja yeye. Narudia: wanamngoja yeye.

Taabu ni njia. Ashuke Waiyaki Way, auvuke mji mzima, kisha aimalize Mombasa Road, na jioni arudi vivyo hivyo. Alikuwa akifika nyumbani uso umechoka, anakula huku macho yakijifumba. Halafu mwezi uliopita akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshawaza sana, "Mama, ama ninunue pikipiki, ama nikodi chumba huko huko Athi River."

Chumba huko Athi River.

Nilienda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Nyumba hii ina watu wawili tu.

Kwa hivyo ikawa pikipiki, nami nikajifanya mjuzi. Nikamchagulia aina ile ya bodaboda: kiti kirefu kama benchi la kanisa, kerea ya mizigo nyuma, na kila fundi wa barabarani anaijua. Nitasema ukweli kwa nini niliipenda. Niliitazama kwa macho ya abiria. Nilijiona nimekaa upande nyuma yake, sketi imetulia, mfuko wa nywele za kusukia mapajani, Mami akinipeleka Kenyatta Market ambako mimi husuka. Kile kiti nilikuwa nimejichagulia mimi.

Yeye alikuwa na picha ya nyingine kwenye simu. Nyekundu, miguu mirefu kama mbuni, kiti chembamba kilichoinuka nyuma. Nikamwambia hiyo ni ya kuchezea.

"Ndiyo, Mama. Ndiyo maana naitaka."

Lakini aliniheshimu. Jirani yetu wa bodaboda alisafiri ushago, kijijini kwao, akamwazima yake, na Mami akaenda nayo kazini wiki nzima. Ilimfikisha, sikatai. Ila kila steji watu walimpungia mkono awabebe. Huko mjini, amesimama kwenye taa nyekundu, mzee mmoja akapanda nyuma, akajipanga vizuri na kumwambia, "Railways." Naye akampeleka, kwa sababu nimemlea vizuri.

Na kila jioni alishuka na uso ule ule wa zamani. Siku ya mwisho nilimsikia akimuuliza mwenzake kwa simu vyumba vya Athi River vikoje.

Hapo ndipo akili iliponirudia. Kumfikisha tu hakutoshi. Hata magari ya abiria yalikuwa yakimfikisha.

Basi leo asubuhi tukaenda Ngong Road, kwenye duka lenye ile nyekundu. Muuzaji akamruhusu aijaribu. Akaondoka polepole, akapotea kwenye kona, na mimi nikabaki nimeshika mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali. Nikaisikia kabla ya kuiona. Akasimama mbele yangu, akavua helmeti.

Ule uso!

Mara ya mwisho niliuona alipokuwa mdogo kwa nyanyake huko Waithaka, akiteremka mlima juu ya kigari cha mbao, anapiga mayowe ya raha. Nilidhani uso ule ulishakua ukaisha. Kumbe ulikuwa ukingoja chombo.

Muuzaji akaanza kunieleza habari za injini. Nikamwambia, "Kijana, pumzika. Nimeshaona."

Mami akalipa, na hapo shida yangu ikaanza. Kwenye pikipiki yake, anasema, hakuna mtu kukaa upande, hata mamake. Mguu huku, mguu huku, na umshike kiuno. Mimi tangu nizaliwe sijavaa suruali. Nikasema basi nitatafuta gari. Naye akafungua mkoba, ule ule niliokuwa nimeushika, akatoa suruali yake ya kazini ya buluu yenye mifuko hadi magotini. Alikuwa amekuja nayo kutoka nyumbani!

Nikaivaa ndani ya sketi, kwenye choo cha duka. Nikajitazama. Nikaivua sketi.

Nilifumba macho hadi taa za kwanza. Nikayafumbua, na sikuyafumba tena. Mtoto wangu anaendesha kama anavyoongea na watu wazima: hasukumani na mtu, na hababaiki.

Kenyatta Market, Nduku ndiye aliyetuona kwanza. Nduku husuka kando yangu, ni Mkamba wa Machakos, na mdomo wake haujui likizo.

"Weh! Mama Nyambura! Umeandikwa kazi ya kupanda nguzo za stima?"

"Ngoja nivue helmeti, nikusikie vizuri ukinitukana."

Akaizunguka pikipiki. Akagusa kiti. Akanisogelea na kuuliza kwa sauti ya chini, "Na mimi nitapandishwa lini?"

"Ukipata suruali."

Woga upo, sitawadanganya. Yale malori ya Mombasa Road nayajua. Nimemwombea, nimemkagua jaketi na glavu, na nimemwambia asishindane na mtu yeyote. Ameahidi. Huwa hanidanganyi, mimi ndiye humsumbua kwa maswali.

Suruali aliitaka tuliporudi. Nikamwambia anunue nyingine, hiyo imeshapata mwenyewe.

Sasa hivi yuko nje ya mlango, anapangusa pikipiki ambayo haina vumbi, na anaimba. Habari ya chumba sijaiuliza, naye hajaitaja. Jumatatu jioni maji ya ugali yatakuwa motoni na masikio yangu yatakuwa barabarani.

Sauti ya ile nyekundu tayari naijua.