Uso wa Luitgard

Jumanne, 1 Machi 1768
Nimefika kwa Bi Mkubwa Walburga, mjane wa mtawala. Kasri kubwa, kuku sebuleni! Kanipa supu ya kabichi na onyo: mchoraji aliyenitangulia alifukuzwa kwa "kuchora alichokiona." Nimemwelewa. Picha ya bintiye Luitgard inapelekwa kwa mchumba. Ikipendeza, mimi ndiye mchoraji wa kasri – mwanamke wa kwanza!

Alhamisi, 3 Machi
Luitgard ana makovu ya ndui, kidevu cha kiume, macho ya utundu. Uso wa kuchora huu! Bi Mkubwa kakaa nyuma yangu, anaamuru. Punguza pua. Refusha shingo. Nikauliza: na makovu?
"Makovu gani?"
Basi hakuna makovu.

Jumamosi, 5 Machi
Bi Mkubwa anaumwa jino, hakuja. Luitgard kaninong'oneza: "Bi Ottilie, nichore mbaya."
"Nini?"
"Mbaya kabisa. Yule mzee anayetaka kunioa kazika wake watatu. Akiniona atakataa."
Nikamwambia yeye si mbaya.
"Basi ongeza!"
Nilicheka mpaka brashi ikaanguka. Kumtazama – analia.

Jumatatu, 7 Machi
Picha ya mchumba imeletwa. Mzee wa miaka hamsini na nane, pichani kijana, mashavu mekundu kama tufaha! Naijua brashi hiyo: ya Gundolf, rafiki yangu. Huyo hajawahi kumchora mtu mwenye kitambi. Kumbe zinazooana ni picha. Wenyewe watakutana kanisani.

Alhamisi, 10 Machi
Picha aliyoitaka Bi Mkubwa imekwisha, laini kama siagi. Lakini chumbani nimechora nyingine, kwa siri. Sikuweza kuongeza ubaya. Nimechora kweli tu – makovu yote, kidevu chote. Sijawahi kuchora vizuri hivi. Luitgard kaitazama, kisha kafoka: "Mbona nimependeza?"

Ijumaa, 11 Machi
Balaa! Bi Mkubwa kaingia bila kubisha, na mjumbe wa mchumba nyuma yake. Picha zote mbili wazi. Mjumbe katazama hii, katazama ile.
"Hawa ni ndugu?"
Bi Mkubwa kawa mweupe kama chokaa.
"Bwana wangu atamtaka huyu wa makovu," kasema mjumbe. "Anaonekana mchangamfu. Wake wale watatu walikuwa wakilia tu."
Bi Mkubwa kanishika mkono – mara ya kwanza! – kaniita mchoraji wa kasri mbele ya mjumbe. Nami nikainama. Nikashukuru!
Wameshuka kunywa divai. Picha ya makovu wameondoka nayo.
Luitgard anagonga mlango. Haniiti Bi Ottilie tena, ananiita jina tupu. Anagonga. Sijafungua.