Marahaba Iliyokwenda Mikumi

Yusrah, nimekwisha. Ugali utasonga baadaye, soma kwanza hapa.

Laptop ya ofisi imejiapdeti asubuhi. Tangu hapo mshale wa mausi unakimbia wenyewe kwenye kioo kama kuku aliyeona kisu. Nimezima, nimewasha. Nimefuta vumbi kwa kanga. Wapi!

Sasa Mwanakheri, mtoto wa kaka, akaniandikia toka Rudewa, WhatsApp nimeifungua humo humo kwenye laptop: "Shikamoo shangazi." Mkono wangu mmoja uko kwenye pochi unatafuta karanga, mwingine unaandika. Macho yako kwenye herufi.

"Marahaba mwanangu. Umekula?" Nikatuma.

Nainua macho. NIMEMTUMIA MZEE LUPAKISYO. Bosi, Yusrah!! Mtu mzima anakaribia kustaafu, yuko zake kikaoni Mikumi, hajanisalimia wala nini, mimi namwitikia marahaba!

Nikawahi kufuta. Mshale ukaruka tena, nikabonyeza "futa kwangu". KWANGU. Kwake bado ipo. Na tiki za bluu hizo hapo.

Nikamwaga pochi mezani nitafute leso nilie. Unajua kilichotoka? Ile mausi yangu isiyo na waya, niliisahau humo! Imelala kwenye karanga, taa inawaka. Kumbe laptop ilipojiapdeti ikajiunga nayo yenyewe. Kila nikichokonoa karanga, mshale unakimbia na kubonyeza ovyo. Ulafi wangu huo, shosti!

Ngoja, Mzee anaandika.

Bado anaandika.

Mungu wangu, amejibu:

"Shikamoo mama. Bado sijala, kikao hakijaisha."