Sayari Iliyotoka Kwenye Kopo la Rangi

Jumatatu, 6 Mei

Wote wanaisimulia vibaya. Wote! Cheche, fundi wetu wa kuchomelea, leo kawaambia wateja eti nilipiga picha kikaango nikamwambia shemeji ni sayari. Kikaango! Muuza chai anasema ilikuwa sahani. Mwosha magari ndiyo kabisa, anaapa tuliwekeana dau. Watu hawana haya. Mimi nimepuliza rangi magari tangu Cheche hajaota jino, leo nimdanganye mtu kwa kikaango?

Kilikuwa kifuniko. Kifuniko cha kopo la rangi, lile la lita nne. Naandika ili iwe sawasawa, japo humu hasomi mtu ila mimi, na mimi mwenyewe nasoma kwa kusukuma. Shule sikukanyaga. Herufi nilijifunzia kwenye namba za magari, ndiyo maana mwandiko wangu kila mstari kama lori limepita.

Ilikuwa hivi. Shemeji yangu, aliyemuoa dada yangu — Mungu amrehemu dada — alikuwa dereva wa malori ya masafa. Sukari ikamla mguu, mwaka jana wakaukata. Tangu hapo kageukia ukuta. Binti yake, mpwa wangu, ni mwalimu. Akamwekea kwenye simu kitu kinacholeta picha za huko juu angani kila asubuhi, zile zinazopigwa na madarubini makubwa. Basi jioni nikitoka gereji napita kwake, tunazitazama. Mchezo wetu ni mmoja: anayesema kwanza picha inafanana na nini, kashinda.

Ile sayari yenye pete nikamwambia, "Unaona? Hata hii ina pete kidoleni, wewe mjane unazubaa tu." Alicheka mpaka akakohoa. Ile nyekundu — kutu, bodi limelala mvuani. Mwezi — uso wa Cheche, mashimo yote yapo. Likaja wingu jeusi kubwa, nyota zinachungulia nyuma yake. Hapo akaniwahi. "Vumbi la lori lililonitangulia, shem. Funga kioo!"

Si kucheka tu. Kuna moja ilikuwa nyota tupu, hazina hesabu, kama mtu kapulizia rangi ya fedha juu ya nyeusi, mkono mmoja mwepesi. Mwishowe nikasema, aliyepuliza hii mkono haukutetemeka. Shemeji akasema, "Na haikuacha mchirizi hata mmoja." Tukakaa hivyo hivyo mpaka chai ikapoa.

Sasa Alhamisi iliyopita ALINIOMBA. Nimeandika kubwa makusudi. Aliniomba kwa kinywa chake: "Shem, hizi dunia nzima imeshaziona. Niletee ambayo hajaiona mtu." Mtu akiomba utamnyima? Ijumaa nikakiona kile kifuniko. Bluu, tina ya kuzimulia rangi imeidondokea ikakunjamana, mstari mweupe umejikata katikati. Nikakilaza juu ya turubai jeusi lenye chembe za rangi za miaka na miaka. We! Kama nisingekijua ningekivulia kofia. Nikapiga, nikamtumia. Nikamwambia ni mpya, imeonekana jana.

Utani tu. Mashemeji tusitaniane? Kesho namwambia, tunacheka, yanaisha.

Jumanne, 7 Mei

Sikumwambia.

Nimemkuta ameketi. Ameketi! Simu puani. "Shem, hii ina barabara." Barabara gani tena? Akanionyesha ule mstari mweupe. "Hapa inapanda. Hapa kona mbaya, unateremsha gia mapema. Hapa pana nafasi, mtu anaegesha, analala." Kidole kinatembea juu ya kioo cha simu pole pole, kama kina mzigo.

Nilikuja kucheka, nikajikuta nafuata kidole.

Akaniuliza iko mbali kiasi gani. Mlango huo umefunguka wenyewe, ningepita tu. Badala yake mdomo wangu — huu, huu! — ukasema ni mbali mpaka mwanga wake ukifika huku umechoka, unaomba maji. Akatikisa kichwa. "Naujua uchovu huo," akasema.

Jumatano, 8 Mei

Mteja karudisha gari. Anasema mlango niliopuliza ni bluu nyingine na gari ni bluu nyingine. Nikamwambia ni jua. Akalisogeza kivulini. Nikamwambia ni kivuli. Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini mlango nimeupiga msasa upya. Ndiyo bluu ile ile ya kifuniko. Macho yangu mazima. Mteja mbishi.

Kwa shemeji sikupita. Nimemwambia kazi zimenizidi.

Ijumaa, 10 Mei

Leo nimeona aibu hadharani na hakuna aliyenisema.

Mpwa wangu kaja gereji, chaki bado iko kwenye mkono wa gauni. Kaniamkia, kaamkia kila mtu, kisha kanivuta pembeni karibu na kompresa. "Mjomba, baba kaita kinyozi!" Kinyozi? "Na suruali ya kijivu. Kasema nimkunjie ule mguu vizuri, nibane na pini, isipepee." Nikauliza anakwenda wapi. Kumbe shuleni kwake huwa wanaita wazazi, mmoja mmoja, waje waeleze watoto kazi zao. Mwaka mzima amembembeleza baba yake. Mwaka mzima jibu moja: sitaki kutazamwa. Sasa kakubali mwenyewe. Jumatano.

"Anasema ana kitu cha kuwaonyesha. Mimi hataki kuniambia. Eti wewe unakijua."

Nikasema nakijua.

Akanishika mkono, huu wenye tina na unga wa puti ya kuzibia bodi, akaung'ang'ania. "Asante, mjomba. Sijui umemfanyia nini."

Mimi najua nimemfanyia nini.

Alipoondoka, Cheche kavua miwani yake ya kuchomelea. Nikangoja mzaha. Hakuleta. "Mzee, utamwambia lini?" Nani kakuambia sijamwambia? "Uso wako." Nikamwambia uso wake ndio mwezi, aache wangu. Hata hakucheka, na mimi sikucheka.

Jumapili, 12 Mei

Nimekwenda na kifuniko ndani ya mfuko. Nimekifunga na gazeti. Njiani najifunza maneno: shem, kuna kitu. Shem, usikasirike. Shem, unakumbuka tulivyomcheka mtu fulani?

Nimemkuta kanyolewa, kidevu kinang'aa kama boneti mpya. Kanikalisha niwe mwanafunzi, yeye aseme. Basi nikakunja mikono.

"Watoto, mimi nimeendesha lori miaka mingi. Nilidhani barabara zimekwisha. Mguu ukakatwa, nikasema basi, ndio mwisho wa safari. Sasa tazameni hii." Ananyoosha simu. "Huku hajafika dereva yeyote. Na mimi nimeshaipita kwa macho, kona kwa kona. Nyinyi nendeni kwa miguu yenu." Kisha akaniuliza, "Hapo kwenye miguu, wataona najihurumia?"

Nikasema hapana, pazuri hapo.

"Nitawaambia aliyenionyesha ni shemeji yangu. Mtu asiye na darasa hata moja, lakini jicho! Jicho kama lake halipo."

Mfuko ulikuwa miguuni pangu. Nikausukuma chini ya kiti kwa kisigino. Nikaomba maji. Nikarudi nao kama nilivyokwenda nao.

Dada angekuwepo angenichapa kwa ufagio, uzee huu huu.

Jumatatu, 13 Mei

Cheche kaanza ile ya kikaango kwa mteja mpya. Nikamwambia anyamaze. Maisha yangu sijawahi kumnyamazisha mtu wakati watu wanacheka.

Jumanne, 14 Mei

Nimefika mpaka mlangoni kwake. Nikasikia anamuuliza binti yake kama viatu viwili vinahitajika au kimoja kinatosha. Binti akasema, "Kimoja, baba, lakini tuking'arishe hasa." Wakacheka wote wawili. Nikarudi nyumbani.

Nikisema, anageukia ukuta. Nisiposema, watoto wa siku hizi wana simu kubwa kuliko akili zangu, watatafuta hiyo sayari dakika ile ile, hawataiona. Watamcheka mbele ya mwanawe. Kiatu kimoja kinang'aa.

Jumatano, 15 Mei

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya darasa. Nisipoyaweka sasa baadaye nitayapamba.

Nimemsukuma mimi kwenye kiti chake cha magurudumu. Njia nzima anaimba honi. Pi-pii! Watu wanapisha. Ananiambia, "Shem, punguza mwendo, mteremko huo." Tukafika getini. Hapo nikafunga breki. Nikazunguka mbele yake, nikachuchumaa, magoti yakalia. Nikatoa kifuniko, nikafungua gazeti, nikamwekea mapajani.

Nikashika magurudumu yasiteleze.

Akakitazama. Akatoa simu, akailaza kando yake. Akatazama huku, akatazama huku. Akapitisha kidole gumba juu ya mstari mweupe, mpaka ile kona. Akarudi. Akauliza, "Hii nyeupe ni nini?"

Nikasema imetiririka yenyewe, shem. Tina.

"Na hizi nyota?"

Turubai.

Sikuthubutu kumtazama, nikatazama kiatu. Kweli walikuwa wameking'arisha, nilijiona humo, nimepinda. Nikasema nimrudishe nyumbani, nitamwambia binti baba yake mgonjwa, uongo huo nauweza. Mara mpwa akatokea anapiga makofi, "Baba! Wanakungoja, wametulia kabisa!" Shemeji akafunika kifuniko kwa gazeti. Akamwambia binti yake, "Nisukume wewe." Mimi akaniambia, "Wewe kaa hapo." Kama unavyomwambia mtu wa kuchunga mzigo.

Nimekaa. Mlango umefungwa.

Kwanza nimesikia sauti yake, maneno siyashiki. Kisha watoto wamecheka. Cheko kubwa, la darasa zima, madawati yanagongwa. Mimi cheko nalijua, ndiyo kazi yangu ya pili, naweza kukuambia la kumcheka mtu na la kucheka naye. Leo sijui. Nimetega sikio mpaka limeniuma, sijui.

Limekwisha. Wananong'ona.

Mlango umefunguka. Mpwa kasimama pale, macho yana maji, mkono uko mdomoni. Kashika kifuniko. "Mjomba," kasema, "baba anasema uingie. Anasema ueleze mwenyewe ilivyopatikana." Nimemwambia dakika moja, mwanangu, namalizia kuandika. Anangoja.

Basi hili moja. Nikiingia nitaulizwa mwanzo wake, na mwanzo niliuandika Jumatatu ile kwa herufi kubwa. Hakuniomba. Hakusema niletee ambayo hajaiona mtu. Hayo nimeyatunga. Alhamisi ile alikuwa kanishinda picha nne mfululizo, akanipiga begani akasema, "Shem, umezeeka. Huoni tena." Neno hilo ndilo lililonipeleka kwenye kile kifuniko.

Alikuwa anatania tu.