Jiwe Chini ya Magunia

Mjukuu wangu Nyafwono,

Mpaka jana sikuwa nimemwambia mtu yeyote haya. Hapa Tororo sote ni wazima, na bibi yako anakusalimu. Usicheke kwamba mimi, babu yako, bado ni mwanafunzi. Babu yako mzaa baba ni kaka yangu, na mimi ni kitinda mimba, mdogo kwa umri hata kwa baba yako.

Unauliza kwa nini baba yako alishindwa mashindano ya magari ya kwenda Busia, ilhali gari lilikuwa jepesi vile.

Wepesi ule niliutafuta mimi. Nilipima kila kitu kwenye mizani ya pamba ya kaka. Fundi Opio aling'oa viti vya nyuma na bampa, akafunga milango ya alumini. Mimi ningekaa mbele nisome ramani, ndivyo tulivyoahidiana na baba yako. Asubuhi ya safari, baba yako akanipandisha mizanini mbele ya watu.

“Baba mdogo, kumbe unashinda milango yote kwa uzito! Baki na vitabu vyako.”

Watu walishika mbavu. Ananiita baba huku ananitupa kama bampa! Nikachukua jiwe la kusagia la bibi yako, nikalificha garini chini ya magunia ya vifaa.

Alipitwa kwa urefu wa gari moja tu, akasema Opio hakulipunguza gari uzito vya kutosha, akamfukuza kazi. Hasira yangu ilikuwa imempiga mtu mwingine kabisa.

Jana nilimfuata Opio kwake Rubongi, tukaenda gereji kwa baba yako, nimebeba jiwe. Nikasema yote mbele yao wawili. Nikamwomba Opio msamaha. Baba yako sikumwomba.

Babu yako,
Owori