Mtoto Alipungua, Mshale Ukapanda

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Kiuu, Ruiru. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Na Baba, bado anakohoa asubuhi? Mimi niko salama, namshukuru Mungu, ila maji ya ploti tunayopanga huja yakipenda yenyewe.

Juzi kwa simu uliniuliza, "Kwani ukikaa mbele ya kompyuta siku nzima unafanya nini?" Laini ikakatika kabla sijakujibu. Acha nikusimulie yaliyotupata kazini, utaelewa.

Ofisi yetu iko Thika. Tuliitengenezea kliniki moja ya Gatuanyaga programu ya kufuatilia uzito wa watoto. Wiki iliyopita mkubwa wetu alinituma huko pamoja na Kamau, mwenzangu wa kutoka Kalimoni, kijana mpole ambaye hawezi kula githeri yake ya mahindi na maharagwe bila kunigawia. Tulifika na vumbi hadi kwenye nyusi. Pale muuguzi, ambaye wote humwita Sister, huandika uzito kwenye tableti, na skrini humwonyesha mshale: wa kijani ukipanda, mwekundu ukishuka.

Akaja mama mmoja anaitwa Mumbua, na bintiye Mutheu mgongoni. Mwezi uliopita Mutheu alikuwa na kilo kumi nukta moja. Siku hiyo mizani ilisema tisa nukta nne. Mshale ukapanda, wa kijani.

"Anakua vizuri, mama," Sister akasema, akaita mwingine. Foleni ilikuwa imefika nje.

Mumbua hakuondoka. "Sister, na mbona rinda linamwanguka mabegani?"

Sister akatazama namba tena, akamtazama mtoto, kisha akatugeukia. "Nyinyi, tangu lini tisa ikawa kubwa kuliko kumi?"

Mama, kumbe ilikuwa hivi. Data hutoka kwenye tableti na kufikia programu yetu katika muundo unaoitwa JSON. Humo, namba ikifungwa ndani ya alama za usemi, kompyuta haioni namba tena; inaona maandishi, kama jina la mtu. Na maandishi huyalinganisha kama mwalimu anavyopanga majina ya darasa, kwa kuanza na herufi ya kwanza. Kumi ikiandikwa kwa tarakimu huanza na moja, kwa hivyo tisa ikashinda. Tulipoijaribu programu tulitumia watoto wachanga tu, wote chini ya kilo kumi, na hakuna aliyeona kasoro.

Mutheu alipelekwa hospitali Thika siku hiyo hiyo. Kifua chake kilikuwa kimeshikwa vibaya, akalazwa.

Kamau alitoka nje akaketi kwenye jiwe. "Aki Nekesa, hiyo sehemu ni mimi niliandika. Huyo mtoto angerudishwa nyumbani."

Niliketi naye. Baadaye nikamwambia, "Kuna watoto wengine humo kwenye programu. Twende tuwatafute."

Akainuka. Alirekebisha programu pale pale kwenye benchi, ili kila uzito ugeuzwe kuwa namba mara tu unapoingia, kabla ya kulinganishwa na chochote. Tukijaribu, mtoto ambaye hakupimwa akatokea na kilo sifuri, kwa sababu nafasi tupu nayo iligeuzwa namba. "Huyu amekuwa upepo?" Sister akauliza, na hapo ndipo Kamau alicheka kidogo. Akaiagiza programu isibahatishe: isipopata namba ya kweli, isimame, iulize. Kisha tukapitia watoto wote pamoja na Sister. Wawili wengine waliitwa wapimwe upya, wanatibiwa.

Mkubwa alipopata habari nilidhani Kamau atafutwa kazi. Lakini alisema kosa lilipita mikononi mwetu sote, na kuanzia sasa tutajaribu kwa watoto wa kila uzito.

Jumapili baada ya kanisa tulikwenda hospitali kumwona Mutheu. Kamau alimweleza Mumbua kila kitu mwenyewe. Mumbua alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamtoa mtoto kitandani.

"Hebu mbebe," akamwambia, "uone vile amekuwa mzito."

Kamau alimbeba, akageukia dirishani ili tusione uso wake.

Mama, hiyo ndiyo kazi yangu. Msalimie Baba, na kaka Wafula na mkewe, na nyanya yetu Kukhu umpe mkono kwa niaba yangu. Niombeeni, nami nawaombea.

Ni mimi binti yako, ninayekukumbuka kila nikipika ugali,
Nekesa